Picha ya jengo imelala: dalili, sababu na tiba

Malalamiko ya wapiga picha za majengo hayapishani sana. Mnara umelala chali, ukuta umebinuka katikati, jengo halikuingia lote, nguzo ya pembeni imenenepa. Lawama karibu zote huangukia lenzi, na mtu huanza kutafuta pesa ya lenzi pana zaidi. Mara nyingi lenzi haina kosa. Kosa liko kwenye mwelekeo wa kamera au mahali aliposimama mpigaji, na lenzi pana zaidi italikuza tu.

Kabla ya kutafuta tiba, fanya kipimo kimoja. Fungua picha kwenye skrini, chukua karatasi yenye ukingo ulionyooka, uilaze sambamba na kona ya jengo. Kama mstari wa kona umenyooka ila umeegemea upande, tatizo ni pembe ya kamera. Kama mstari umepinda na kuiacha karatasi katikati au mwishoni, tatizo ni lenzi. Haya ni maradhi mawili yenye dawa tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakowafanya watu wahangaike na programu usiku kucha.

Kuta zinakaribiana juu, jengo linaangukia nyuma

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya kila siku, ni kamera kuinuliwa ili paa liingie. Sensa, yaani kibapa cha ndani ya kamera kinachopokea picha, isipokuwa sambamba na ukuta, sehemu ya juu ya ukuta huwa mbali zaidi na hivyo huchorwa ndogo zaidi. Ukiwa na lenzi ya 24 mm kwenye sensa kamili (ya milimita 36 kwa 24), kamera ikiwa wima, ukaiinua nyuzi 15 tu, sehemu ya juu ya fremu huchorwa kwa kipimo cha theluthi mbili hivi ya sehemu ya chini. Nyuzi 15 ni kidogo kiasi kwamba mkono hauzihisi.

Anza na pimamaji. Kamera nyingi za sasa zina pimamaji la kielektroniki. Liwashe, na uhakikishe linaonyesha mielekeo yote miwili, ya kulia na kushoto na ile ya mbele na nyuma. Wengi hutazama ule wa kwanza tu. Kama kamera haina, kipo kipimamaji kidogo cha kuchomeka mahali pa flashi. Kisha washa gridi. Kamera ikikaa sawa, kuta zitasimama papo hapo, lakini nusu ya picha itakuwa barabara na paa litakatika. Hapo usiinue kamera tena. Soma sababu ya pili.

Sababu ya pili ni kusimama karibu mno. Kamera iliyokaa sawa huona juu ya usawa wa lenzi kwa kiasi kinachohesabika kabisa: umbali wako kutoka ukutani mara kizidishi cha lenzi. Kwa sensa kamili vizidishi ni hivi, cha kwanza picha ikiwa ya kulala (upana umezidi urefu), cha pili ikiwa ya wima:

35 mm: 0.34 na 0.51
24 mm: 0.5 na 0.75
20 mm: 0.6 na 0.9
16 mm: 0.75 na 1.125
14 mm: 0.86 na 1.29

Kamera za APS-C, zenye sensa ndogo zaidi, zizidishie kwanza urefu wa fokasi (ile namba ya mm ya lenzi) kwa 1.5 (Nikon, Sony, Fujifilm) au 1.6 (Canon), ndipo usome orodha. Lenzi ya 16 mm kwenye APS-C ya Nikon ni sawa na 24 mm.

Chukua nyumba ya zamani yenye urefu wa mita 12, kamera ikiwa mita 1.6 kutoka ardhini. Zinabaki mita 10.4 za kufikia. Kwa 24 mm ya wima unahitaji kurudi nyuma mita 14. Kwa 16 mm ya wima, mita 9 na kidogo. Hesabu hii ifanye kabla ya kubeba mzigo, maana itakwambia kama picha unayoitaka inawezekana hapo au haiwezekani. Kwa KICC, jumba la mikutano la Nairobi lenye mita 105, kamera iliyokaa sawa na 24 mm ya wima inadai mita 138 hivi.

Sababu ya tatu ni kusimama chini mno. Kamera ikipandishwa hadi karibu nusu ya urefu wa jengo, hakuna haja ya kuiinamisha wala kuiinua. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu hii ndiyo tiba yenyewe. Tuseme nafasi ni mita 5 na jengo ni lile la mita 12. Ukiwa chini na 14 mm ya wima unafika mita 8 tu, paa limekwenda. Omba ruhusa upande ghorofa ya kwanza ya nyumba ya mkabala, lenzi iwe mita 6 hivi kutoka ardhini: unaona mita 6.4 juu na mita 6.4 chini. Jengo zima limeingia na hakuna ukuta ulioinama. Kama kichochoro ni cha mita 3, acha wazo la kupiga uso mzima kutoka mkabala. Hakuna lenzi ya kawaida itakayolimeza jengo hilo likiwa limesimama. Piga kwa kufuata urefu wa kichochoro, au chagua mlango, roshani na kibaraza.

Tiba za ndani zaidi ni mbili. Ya kwanza haina gharama: tumia lenzi pana, kamera ikae sawa na wima, kisha kata ardhi iliyozidi. Ukikata theluthi ya chini ya picha ya megapikseli 24, zinabaki 16, na hizo zinatosha ukurasa mzima wa jarida. Watu huidharau njia hii kwa sababu ni rahisi, lakini kinachofanyika ndani yake ndicho kinachofanywa na lenzi za bei mbaya: kutumia sehemu ya juu ya duara la picha linalochorwa na lenzi na kuacha ya chini.

Ya pili ni lenzi ya shifti, ambayo vioo vyake husogea juu au pembeni huku kamera ikibaki imetulia. Canon TS-E 24 mm toleo la II na TS-E 17 mm husogea milimita 12, na Nikon PC 19 mm vivyo hivyo. Kwa 24 mm ya kulala, kizidishi kinapanda kutoka 0.5 hadi 1. Kwa wima kutoka 0.75 hadi 1.25. KICC ile ile sasa inadai mita 83 badala ya 138, na kwa TS-E 17 mm ya wima inadai mita 59. Mwenye mfuko mwepesi atafute PC-Nikkor 35 mm ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono, ambayo huingia kwenye kamera nyingi kwa adapta. Inasogea milimita 11, na ikilala huona juu kwa 0.66, yaani juu zaidi ya 24 mm isiyo na shifti. Upana wake ndio mdogo.

Onyo kuhusu kupanda. Usisimame juu ya paa lisilo na ukuta wa kinga. Usiinue stendi ndefu ya aluminiamu penye nyaya za umeme. Ukifikia mahali ambapo picha inahitaji kreni au droni, mwachie mwenye leseni: Tanzania na Kenya zote hutaka droni isajiliwe na kupata idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga.

Kona ya kushoto imesimama, ya kulia imelala

Mara nyingi kamera imeegemea upande kwa nyuzi moja au mbili, na jicho likaichukua kona moja kuwa ndiyo rejea. Tazama pimamaji, rekebisha kichwa cha stendi, piga tena. Chunguza pia miguu ya stendi baada ya dakika chache, hasa kwenye mchanga au lami ya moto, kwa kuwa mguu mmoja hudidimia taratibu.

Kama pimamaji liko sawa na mistari ya wima imenyooka, ila mstari wa paa unashuka upande mmoja, umeigeuza kamera kidogo kushoto au kulia. Hili huwapata wanaosimama pembeni ya mlango kwa kukwepa gari au nguzo ya umeme, halafu wakageuka kuutazama mlango. Sogea hadi katikati. Kama haiwezekani, acha kamera itazame ukuta moja kwa moja, mlango ukae pembeni ya fremu, kisha kata, au sogeza shifti kwa upande.

Kwa milango ya kuchongwa ya Unguja na Mombasa kuna mbinu inayoshinda kukisia. Chukua kioo kidogo bapa, mtu akilaze kwenye sehemu laini ya fremu ya mlango, mahali pasipo na nakshi, karibu na kimo cha lenzi. Tazama kwenye kamera. Ukiiona lenzi yako katikati ya kioo, na kioo kikiwa katikati ya picha, sensa iko sambamba na mlango. Ukiiona imekwenda kushoto, zungusha au sogeza stendi kidogo kidogo hadi irudi. Kioo kilazwe kwa mkono mwepesi, bila gundi wala utepe. Rangi na mbao za miaka mingi huambuka.

Sababu inayosahaulika ni jengo lenyewe. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa mara nyingi hazina ukuta hata mmoja ulionyooka kama ukuta wa zege. Kuta hupungua unene kadiri zinavyopanda, pembe zimeviringika, na baadhi zimehama kwa uzee. Mnara wa msikiti wa Malindi, Unguja, umejengwa kwa umbo la pia, mpana chini na mwembamba juu. Ukiuingiza kwenye programu na kuamuru mistari isimame, utapata mnara ambao haupo duniani, na kila aliyekulia mtaa ule atajua kuna uongo. Ndiyo maana rejea isiwe ukuta. Iwe pimamaji, au timazi: funga uzi wenye uzito, uning'inize ndani ya fremu kwa picha moja ya majaribio, halafu nyoosha picha zote kwa kufuata uzi. Usipokuwa na uzi, tafuta kilicho wima kweli, kama fremu ya dirisha jipya au bomba la maji ya mvua lililofungwa na fundi makini.

Hapa kuna mahali pa kusimama kabisa. Timazi likionyesha kuwa ukuta umeegemea kweli, na kuna nyufa mbichi au chokaa iliyodondoka karibuni, ondoka chini yake na uwaarifu wanaohusika na jengo. Kusoma mwegemeo ni kazi ya mhandisi. Desemba 2020 sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba la Unguja la mwaka 1883 lililokuwa katika matengenezo, iliporomoka na kuua watu.

Mistari imepinda

Ukingo wa paa unavimba kuelekea juu, au sakafu inabonyea chini. Lenzi za zumu hufanya hivi zaidi zikiwa kwenye upana wa mwisho. Jaribio la kwanza: sogeza zumu kutoka 16 hadi 20 mm, rudi nyuma hatua chache, linganisha. Kama upindaji umepungua sana, umepata jibu, na huenda huhitaji tiba nyingine.

Tiba ya kawaida ni profaili ya lenzi, yaani maelezo ya kasoro za lenzi hiyo, ndani ya programu ya kuhariri picha. Kwenye Lightroom iko katika Lens Corrections. Darktable, ambayo ni ya bure, inayo pia. Ukipiga RAW (faili ghafi la kamera) na lenzi ya mkono isiyozungumza na kamera, programu haitaijua, kwa hiyo ichague mwenyewe kwenye orodha.

Lenzi chache hupinda kwa mawimbi: mstari unavimba katikati kisha unarudi kwenye ncha. Samyang 14 mm f/2.8 inajulikana kwa hilo. Usihangaike na kitelezi cha kawaida (kidude cha kuburuta kwenye programu), kwa sababu kinanyoosha katikati na kuharibu ncha. Bila profaili yake mahsusi hutafika. Lenzi za jicho la samaki nazo zikae mbali na kazi ya majengo, isipokuwa mteja ameomba umbo hilo.

Vilivyo pembeni vimenenepa

Kuba limekuwa yai, nguzo ya pembeni imepanuka, mtu aliyesimama ukingoni ana kichwa kama tikiti. Lenzi iko salama. Kila lenzi inayoweka mistari iliyonyooka huvuta vitu kadiri vinavyokwenda pembeni. Tufe likiwa kwenye ukingo wa picha ya kulala huonekana refu kuliko upana wake mara 1.12 kwa 35 mm, mara 1.25 kwa 24 mm, na mara 1.41 kwa 18 mm. Chini ya hapo huwezi kuficha.

Ondoa watu, magari na vitu vya duara ukingoni. Kisha rudi nyuma na utumie lenzi ndefu zaidi. Nafasi ikibana, piga picha mbili au tatu kwa 35 mm na uziunge, ukikumbuka kuwa kuunga kwa mtindo wa bapa huleta mvuto ule ule. Kwa vyumba vidogo, 20 mm kutoka kona ya mlango mara nyingi hutoa picha ya kweli kuliko 14 mm inayofanya sebule ya mita 4 ionekane ukumbi wa harusi. Mpangaji akifika na kukuta chumba ni kidogo, atamlaumu aliyetangaza, na ni haki yake.

Nimenyoosha kwenye kompyuta, sasa jengo linaonekana vibaya

Kama juu kunaonekana kupana kuliko chini, umezidisha. Rudisha kitelezi hadi mistari ilingane na gridi, kisha kipunguze kidogo tena. Kwa jengo refu lililopigwa kutoka karibu, kuliacha na mwegemeo mdogo sana huonekana kwa jicho kuwa sawa zaidi kuliko unyoofu wa kihesabu. Kamera ikiwa iliinuliwa zaidi ya nyuzi 20 hivi, usilazimishe. Ni heri jengo libaki limelala waziwazi, kwa makusudi.

Kama jengo limerefuka au limefupika, tafuta kitelezi cha Aspect, kinachobadili uwiano wa urefu na upana. Chukua dirisha moja unalolijua vipimo vyake na urekebishe hadi uwiano wake urudi.

Kama pembe zimekatwa, hukuacha nafasi. Programu hupanua sehemu ya juu au hubana ya chini, na kwa mfano ule wa nyuzi 15 unaweza kupoteza theluthi ya upana. Siku ya kupiga, acha hewa pande zote mbili. Na kama sehemu ya juu imekuwa laini, pikseli zimevutwa hapo. Hakuna kunoa kutakakozirudisha.

Fuata mpangilio huu, kwa kuwa ukiugeuza kila hatua inaharibu nyingine: profaili ya lenzi, kisha usawa wa kulia na kushoto, kisha mistari ya wima, kisha Aspect, mwisho kukata. Kwenye Lightroom, kitufe cha Auto ni cha kuanzia tu. Guided ni bora: unachora mwenyewe mistari miwili ya wima juu ya vitu ulivyothibitisha kuwa viko wima. Kwenye simu, Snapseed ina zana ya mtazamo inayofanya kazi hiyo kwa kiasi cha kutosha.

Upande mmoja wa jengo umefifia

Kwa lenzi ya shifti ambayo vioo vyake pia huweza kuinama, kitu cha kwanza ni kirungu cha kuinamisha. Hugeuka ndani ya begi bila mtu kujua. Kirudishe sifuri, kifunge, lenga upya. Pili, tundu la lenzi (namba ya f ikikua, tundu hupungua): f/8 hadi f/11 ndiyo makazi ya kazi hii, na kupita f/16 picha yote hulainika. Tatu, shifti imefika mwisho wake. Ipunguze milimita mbili uone. Giza kwenye pembe za juu hutokana na shifti ya mwisho au fremu nene ya filta. Na kwenye kamera yenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR), pima mwanga kabla ya kusogeza shifti, kwa hali ya mkono (M), kwani kipimo baada ya kusogeza hudanganya.

Ikiwa lenzi ni ya kawaida, piga ukuta bapa wa matofali kutoka kwenye stendi kwa f/4, kisha pindua kamera juu chini na upige tena. Ufifi ukibaki upande ule ule wa ukuta, hukuwa sambamba. Ukihama pamoja na kamera, vioo vya lenzi vimehama. Usiifungue: kuvirudisha katikati kunahitaji mashine ya kupimia, na bisibisi itaongeza hasara. Mpelekee fundi wa lenzi, na umwonyeshe picha hizo mbili. Mpelekee pia ukimulika tochi ndani na kuona nyuzi za kuvu, ugonjwa wa kawaida wa pwani. Wakati huo itenge na lenzi nyingine.

Jengo haliingii lote, ninunue ipi?

Kwanza rudia hesabu ya vizidishi kwa majengo matano unayoyapiga mara kwa mara. Andika umbali halisi uliopo. Kama 16 mm inatosha kwa manne, zumu ya 16–35 mm ya f/4 imekutosha, kwa sababu utakuwa kwenye stendi na f/8 na hutatumia f/2.8 unayoilipia. Kwa APS-C tafuta inayoanzia 10 mm. Simu nyingi zina lenzi kuu ya kulingana na 24 hadi 26 mm na pana ya 13 mm hivi. Anza na ile kuu, maana ile pana huvuta pembe na sensa yake kwa kawaida ni ndogo.

Shifti nunua kama majengo marefu ndiyo mkate wako. Kati ya 17 na 24 mm, ya 24 hutumika zaidi nje, nayo hupokea filta za kawaida. Kioo cha mbele cha ile ya 17 kimetokeza, hakipokei filta ya kuzungusha, na kinakwaruzika upesi. Kabla ya kulipa, kodisha kwa siku moja, uende nayo kwenye lile jengo la tano lililokushinda, kamera ikae sawa, usogeze shifti hadi mwisho, na uone kama paa limeingia.